Mkuu Aliyetupigia Mwano

Watu wa Nyahanga, mtaa wetu hapa Kahama, watakwambia kuwa Mkuu ni mtu mwema, na siwezi kuwaita waongo, kwa sababu wamemjua akiwa ameshastaafu. Wamemwona akipanga viti msibani bila kuombwa. Wamemwona akisoma somo kanisani kwa ile sauti yake ya chini iliyotulia, mpaka akina mama wa kwaya wanafuta machozi. Mimi nilimjua zamani, alipokuwa mkuu wa wilaya moja ya jirani ambayo sitaitaja, maana wenyewe wanaijua. Wakati huo alikuwa na gari lenye bendera na vijana wa kumfungulia mlango. Nitaeleza ninavyomjua, na asiyependa aache kusoma hapa hapa.

Nina duka la dawa za mifugo karibu na soko. Mkuu alipojenga huku Kahama na kununua ng'ombe wake, akawa mteja wangu. Mjini hapa maduka kama langu yapo mengi, lakini yeye alikuja kwangu, na alijua vizuri mimi ni dada wa nani. Alikuwa akiingia, anavua kofia, anasubiri zamu yake nyuma ya wafugaji waliovaa kandambili. Nikimpa shikamoo, ananiitikia kama binti yake wa kumzaa.

"Marahaba, Mama Neema. Biashara inasemaje?"

"Tunamshukuru Mungu."

Kisha anaanza habari za ng'ombe wake. Anajua yupi ana kikohozi na yupi amekataa majani. Siku moja mchungaji mmoja alimchapa ndama mbele ya duka langu, Mkuu akatoka akamnyang'anya fimbo. "Ng'ombe haongozwi kwa fimbo," alisema. "Anaongozwa kwa sauti. Ukimpiga, umekiri kwamba umeshindwa kumfundisha." Watu waliokuwa pale wakatikisa vichwa kwa kuafiki. Mimi nilimfungia dawa yake ya kuogeshea, nikamkabidhi. Kama chuki ingekuwa sumu, kopo lile lingeua zizi zima.

Mdogo wangu Masanja anatembea kwa magongo mawili. Tumezaliwa tumbo moja, mimi wa kwanza, yeye wa mwisho. Kabla ya Mkuu alikuwa akishuka duarani, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na kupanda na mfuko wa mawe begani huku akiimba. Sasa anakaa kwenye kiti karibu na mashine ya kusaga unga ya shemeji yetu, anapokea madebe ya watu. Nyayo zake zilipigwa kwa mpini wa sururu mpaka mifupa ikasagika. Daktari aliziangalia mara moja akauliza ni ajali ya gari gani.

Lazima niseme na hili, maana nikiliacha watu watalirusha usoni mwangu: Mkuu hakula rushwa. Tajiri mmoja wa madini alimpelekea mbuzi wa Krismasi, mbuzi akarudishwa na kamba yake shingoni. Mke wake alikwenda sokoni kwa miguu kwa sababu gari ni la serikali. Hilo ndilo wanaomtetea wanalolitanguliza, kwamba mikono yake ni misafi. Mimi ningemshukuru Mungu kama angekuwa mla rushwa. Mla rushwa ana bei, na ukiipata bei yake unamtoa ndugu yako. Masanja alipokamatwa, sisi tulipeleka fahali wawili kumtoa. Mkuu aliwatazama wale fahali, akawasifia afya zao, akasema mlio nyuma yao ni watu wazuri ila mmepotoka, rudini nao nyumbani. Usiku ule ule, Masanja alikuja kuniambia, walimpiga zaidi.

Alipenda methali. Mikutanoni alikuwa akisema, "Asiyesikia la mkuu?" na umati ukimalizia, "Huvunjika guu," naye akitabasamu. Alikuwa na nyingine ya kwake mwenyewe: "Serikali haiombi radhi. Ikiomba radhi leo, kesho itaombwa funguo." Na hakuwahi kupaza sauti. Maneno yake mawili yaliyoogopwa wilaya nzima, "Weka ndani," aliyasema kama anayeomba maji ya kunywa. Mwalimu alichelewa kazini, weka ndani. Bwana mifugo simu yake iliita mkutanoni, weka ndani. Masaa arobaini na nane, halafu unatoka, unaambiwa umshukuru kwa kukufunza. Watu walicheka na kusema huyu sasa ndiye kiongozi.

Damu hakuiweza. Hilo si kila mtu analijua. Kuku akichinjwa kwake, alikuwa akienda nyuma ya nyumba. Siku zile za Masanja, kiti chake kiliwekwa nje ya bohari la ofisi ya kata, upande wa kivuli, akasikiliza redio. Alikuwa akiingia asubuhi tu, baada ya sakafu kuoshwa. Waliolala mle ndani walitakiwa kumwamkia. Wanaume wazima wasioweza kusimama walisema shikamoo kutoka chini, naye aliitikia marahaba na kuwauliza wameamkaje. Asiyeamkia alirudishwa mikononi mwa vijana waliowapiga usiku, kisha Mkuu akatoka nje kufungua redio yake.

Jinsi Masanja na wenzake walivyokamatwa ndilo jambo ambalo kwa ajili yake Usukuma mzima ungepaswa kumtenga, kumkatalia hata moto.

Kijijini kwetu, upande wa kuelekea Geita, dhahabu ilitoka ghafla kwenye eneo la leseni ya tajiri mmoja. Ikawa rashi, yaani watu walimiminika kutoka kila mkoa, wenye sururu na wasio na kitu. Tajiri akalalamika, amri ikaja kwamba Mkuu awasafishe. Askari walipofika, wachimbaji walitawanyika vijijini, wakalala kwa wenyeji, wakawa wakulima kama sisi. Majuma mawili askari walizunguka wasipate mtu. Nani angemtoa mgeni aliyekula ugali kwake?

Sasa kwetu mwano ni mwano. Ni ule ukelele unaopigwa ng'ombe wakiibwa au mtu akivamiwa. Ukiusikia unaacha jembe, unaacha sahani, unachukua fimbo na kukimbilia unakotokea, na wewe unaupaza ili walio mbele wasikie. Huulizi ni nani aliyeupiga. Asiyetoka hulipa faini, na akikaidi hutengwa, hapewi moto, hachotewi maji, maiti wake atamzika mwenyewe. Mkuu alilijua hilo kuliko askari wake wote, kwa sababu na yeye ni mtoto wa Usukuma. Mchana mmoja, watu wakiwa wanakula, mwano ulilia upande wa josho la ng'ombe. Aliyeupiga alikuwa mgambo, Mkuu akiwa amesimama kando yake.

Wanaume wote walitoka, pamoja na wale waliokuwa wamejificha. Walikimbia na fimbo zao kwenda kumwokoa mtu, wakakuta bunduki. Wakaamriwa kuonyesha viganja. Wenye viganja vilivyochubuliwa na mwamba waliwekwa pembeni, na kwa kuwa jembe nalo linachubua, wakulima kadhaa wakachukuliwa humo humo.

Miongoni mwao alikuwepo kijana mmoja ambaye hakuwa hata Msukuma. Alitoka Kigoma, na kwa kuwa wachimbaji hawaitani kwa majina yao bali kwa wilaya walizotoka, walimwita Kasulu. Alikaa nyumbani kwa Masanja. Alikuwa mcheshi, mla viazi, na alikuwa anajifunza Kisukuma kwa kukosea makusudi ili watoto wacheke. Masanja ndiye aliyemfundisha kwamba kwetu mwano ukilia hukai. Mchana ule Kasulu alimtangulia mwenyeji wake mlangoni.

Hakutoka kwenye lile bohari kwa miguu yake. Masanja alimwona akibebwa kwenye turubai la kuanikia mpunga, na hiyo ndiyo mara ya mwisho. Tulipouliza tuliambiwa ametoroka. Tulipouliza tena tukaambiwa mtu huyo hajawahi kukamatwa. Masanja alisimulia yote hayo vipande vipande, kwa miaka, na kila kipande kilimtoka kwa shida. Ila jambo moja alilirudia mara nyingi. "Mimi nina miguu ya kuonyesha, dada," alisema. "Yule hana hata kaburi."

Na mwano wetu ukafa. Mwaka uliofuata ng'ombe wa mjane mmoja waliswagwa mchana kweupe. Alipiga mwano mpaka sauti ikamkauka, na watu walikaa ndani wakitazamana, kila mmoja akisema moyoni kwamba huenda ni Mkuu tena. Babu zetu walituachia kitu hicho kimoja cha kumlinda asiye na bunduki, naye alikitumia siku moja akakitupa. Ndugu zangu wengine wanamsamehe kwa miguu ya Masanja. Mimi hata hili peke yake sitamsamehe.

Mambo yalibaki hivyo mpaka alipostaafu, na mpaka alipotokea wakili, binti mwembamba wa Mwanza mwenye viatu vya raba. Alizunguka vijijini akikaa kwenye vigoda vya watu, akiwauliza waliyoyaona. Wengi walimkwepa. Alifika hadi Kigoma, akampata mama yake Kasulu. Kisha akaenda kwa hakimu kuomba kifo kile kichunguzwe mahakamani, na kila aliyekuwepo aitwe na kuulizwa. Ilichukua muda, maana faili lilipotea, likapatikana, likapotea tena. Hatimaye hakimu akakubali.

Siku chache baadaye Mkuu aliingia dukani. Hakununua kitu. Alisubiri wateja wakaisha, kofia mkononi.

"Mama Neema," alisema, "mambo ya mahakama yanaleta chuki. Sisi ni watu wa mila moja. Nataka nilete dume la ng'ombe kwa mdogo wako, wazee wakae, tuyamalize kinyumbani."

"Kamwambie mwenyewe," nilimjibu.

"Nimeshaongea na baba yenu mkubwa."

Alikuwa ameongea naye kweli. Baba mkubwa ndiye mzee wa ukoo wetu aliyebaki, mtu wa amani ya bei rahisi, naye alikuja kwangu akiwa ameshakubali. "Ng'wanone, mwanangu, mtu mzima akiinama, usimkanyage," aliniambia. "Serikali haishitakiki. Tukimkatalia huyu dume, kesho watakuja wengine wasioleta hata kuku. Mwambie Masanja aiachie hiyo kesi."

Nilimtegemea Masanja akatae. Akasema alete.

Nilikasirika nisiweze kula. Nilimwambia kama njaa ya nyama ndiyo inayomsumbua, buchani nyama ipo. Alinitazama kwa utulivu. "Dada, umesahau mila. Kisu hakigusi shingo kabla mkosaji hajasimama akataja kosa lake kwa kinywa chake, watu wote wakisikia. Mahakamani anaweza kuleta mawakili. Pale uani ataleta nani?"

Basi siku ikafika, uani kwa baba mkubwa. Mkuu alikuja na dume kubwa jeupe, kwa kweli zuri, nundu imekaa vizuri. Alikuwa amevaa suti ya kijivu. Wazee walikaa kwenye vigoda, wanawake tulisimama upande wa jikoni, na majirani walijaa kuliko nilivyotegemea. Masanja alikaa kwenye kiti chake, magongo yamelazwa chini. Baba mkubwa akafungua kwa salamu na maombi, kisha akamwambia Mkuu aseme.

Mkuu alisema. Alisema juu ya amani ya nchi hii. Alisema kazi ya uongozi ni nzito, kwamba katika kutekeleza maagizo mtu anaweza kumkwaza mwenzake bila kukusudia, na kama yupo aliyekwazika, basi yeye kama binadamu anasikitika. Alizungumza vizuri, kwa ile sauti yake ya somo la Jumapili. Wazee wawili watatu wakaanza kuitikia kwa vichwa. Mwenye kisu akasogea karibu na dume.

"Bado," alisema Masanja. "Hajataja."

"Ametaja, mwanangu," alisema baba mkubwa.

"Amesema kama yupo aliyekwazika. Mimi nipo hapa. Mzee, taja. Sema ulipiga mwano wa uongo. Sema kwenye bohari mlifanya nini. Halafu sema Kasulu mlimlaza wapi, tumwambie mama yake."

Kwa mara ya kwanza nilimwona Mkuu hana methali. Akajipangusa paji la uso. "Mambo mengine," alisema mwishowe, "ni siri za serikali. Hata nikitaka, siyo yangu kuyasema."

"Unayajua lakini."

"Nimekula kiapo, kijana."

"Basi unajua alipolala," alisema Masanja, na akainama kuchukua magongo yake. Ilimchukua muda kusimama, na hakuna aliyemsaidia, maana hapendi. Alikwenda mpaka kwenye mti wa mpakani alipofungwa dume, akafungua fundo, akairudisha kamba mkononi mwa Mkuu. "Hii nyama hailiki," alisema. "Mchukue. Tutaonana kwa hakimu."

Nilitegemea baba mkubwa angefoka. Yule mzee alikuwa amekaa anaangalia chini, halafu akasema polepole, kama anayejisemea mwenyewe, "Kumbe kuna kaburi." Mkuu aliondoka na dume lake kupitia katikati ya watu. Baada ya siku ile hakurudi tena dukani kwangu, na sasa ananunua dawa kule stendi.

Mara ya mwisho kuwa naye karibu ilikuwa mahakamani, siku ya kusikilizwa. Tulifika mapema tukakuta benchi la korido limejaa, na Mkuu amekaa mwisho wa benchi bila mtu wa kumsindikiza. Wakili wake alikuwa ndani akijaribu kuomba shauri liahirishwe. Suti ni ile ile ya kijivu, ila ilimpwaya. Alituona, akanisalimia kwa kichwa. Sikuitikia. Sikumwonea huruma, na ninasema hivyo kwa sababu nimeulizwa mara nyingi.

Akaingia mama mmoja mzee, kitenge kimefungwa kifuani, miguu imevimba kwa safari ya basi. Wakili wetu alikuwa amemleta mpaka getini, akarudi kufuata mizigo. Wengine walibaki wamekaa. Mkuu akainuka, akamshika mkono, akamkalisha mahali pake. Ndivyo alivyo, nimeshasema.

"Umetoka mbali, mama?" alimuuliza.

"Kigoma, baba."

"Pole sana na safari. Una kesi?"

"Sina kesi na mtu. Nimeambiwa kuna mkubwa mmoja atakuja leo kunieleza mwanangu wamemlaza wapi. Nataka nikamtupie udongo kabla sijafa." Alimwangalia yule aliyempisha, suti yake, kofia yake mkononi. "Na wewe baba wa watu, wamekuitia nini hapa?"

Mkuu alisimama pale mbele yake, akigeuza kofia. Masanja naye alikuwa amesimama hatua chache kando, ameegemea magongo, amesikia kila neno.

Mlango ukafunguliwa. Karani wa mahakama, msichana mdogo, alisoma jina. Alilisoma tupu, bila mheshimiwa mbele yake, kama anavyoitwa mwizi wa baiskeli. Mkuu hakusogea. Nadhani hakulitambua, maana hakuna mtu aliyewahi kumwita vile tangu akiwa kijana. Karani akaita mara ya pili, akaangaza kwenye benchi.

"Mzee," alisema Masanja, "ni wewe."

Yule mama aliinua uso. Alimtazama Masanja, akatazama magongo, kisha akamgeukia mtu aliyempa kiti. Halafu akashika pindo la koti la kijivu, akajivuta nalo mpaka akasimama, na hakuliachia.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Haya, twende ukaseme."